Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Tupimeni kwa breki

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu mtihani wa leseni ya pikipiki. Kabla sijafika huko, niruhusu nikueleze kwa nini watu wanakipenda chombo hiki, kwa sababu hotuba nyingi ninazozisikia kutoka kwa viongozi wa uchukuzi huanza na maiti na kuishia kwenye maiti. Asiyeujua utamu wa jambo akilitungia sheria, wenye jambo lao wataikwepa tu.

Utamu wenyewe ni huu. Unateremka bondeni alfajiri na magoti yanatambua kabla ya macho kwamba huko chini kuna mto, maana baridi inakupiga ghafla. Ukipanda ng'ambo ya pili, vuguvugu linarudi. Unanusa mvua kabla haijaanza kunyesha. Unanusa majani yaliyofyekwa asubuhi hiyo. Halafu inakuja kona. Unapunguza mwendo pikipiki ikiwa bado imesimama wima, unashusha gia, unatupa macho mbali kule kona inakofungukia, unausukuma kidogo mkono wa usukani wa upande unaotaka kwenda, na chombo kizito kuliko wewe kinalala pamoja nawe bila ubishi. Ukiongeza mafuta taratibu, kinainuka. Kona ikitoka sawasawa unajikuta unacheka peke yako ndani ya kofia. Na kichwa kilichokuwa kimejaa madeni na ugomvi wa kazini kinatulia, kwa kuwa kwa dakika hizo hakina nafasi ya kubeba kitu kingine.

Mtu anayeyajua haya hataiacha pikipiki kwa kutishwa. Lakini mtu huyohuyo, ukimpa elimu ya kumfikisha nyumbani salama, ataipokea kwa mikono miwili. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kuhusu sisi.

Hatari siikatai hata kidogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na karibu asilimia 21 yao walikuwa kwenye vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu. Gari likigonga, bodi hukunjika na mikanda huwazuia waliomo. Pikipiki ikigonga, anayekunjika ni mtu. Ndiyo maana naumia ninapoona nguvu nyingi zinapotelea kwenye misako na makaripio, huku swali moja likiachwa bila kuulizwa: ni nini hasa kinachotuua?

Kuna aliyewahi kuliuliza swali hilo, na jibu lake liko vichwani mwetu mpaka leo. Mei 1935 nchini Uingereza, T. E. Lawrence, mwanajeshi aliyekuwa ametoka kustaafu, aliwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akarushwa kutoka kwenye pikipiki yake na kuumia kichwani. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Siku hizo karibu hakuna aliyevaa. Alifariki siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumwona alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns angeweza kusema tu kwamba pikipiki ni balaa na yakaishia hapo. Badala yake alianza kuchunguza majeraha ya vichwa vya wanajeshi waliokuwa wakipeleka ujumbe kwa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake: kofia ilikuwa ikiokoa watu. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapeleka ujumbe wake kuivaa. Jimbo la Victoria kule Australia lilifanya hivyo kwa raia mwaka 1961. Vietnam ilipolazimisha kofia kwenye barabara zote kuanzia tarehe 15 Desemba 2007, karibu nchi nzima ilibadilika kwa muda mfupi sana, na wenyewe ni watu wanaoishi juu ya pikipiki.

Kwa hiyo kwenye kofia tunakubaliana, Mheshimiwa. Endelea kukaza, na ukaze hasa kwenye ubora wake na kwenye ule mkanda wa kidevuni, kwa sababu kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Ila kofia inaanza kazi baada ya mambo kuharibika. Kabla ya hapo kuna zile sekunde mbili.

Nasema sekunde mbili kwa sababu hilo nalo lilishachunguzwa. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walizifuatilia ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, moja baada ya nyingine, wakipima alama za matairi na kuwahoji walionusurika. Ripoti yao ilitoka mwaka 1981. Takriban robo tatu ya ajali zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili hivi ya hizo, mwenye kosa alikuwa dereva wa chombo hicho kingine, aliyemkatia njia mwendesha pikipiki aliyekuwa na haki ya kupita. Wengi walisema hawakumwona. Na tangu hatari ilipojitokeza mpaka kugongana, katika ajali ya kawaida muda uliokuwepo haukufika sekunde mbili.

Na ndani ya muda huo mdogo waendesha pikipiki walifanya nini? Waliikanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likajifunga na kuburuzika. Breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu, waliigusa kidogo au waliiogopa kabisa. Kukwepa kwa kuusukuma usukani, ule msukumo nilioueleza kwenye kona, karibu hakuna aliyeweza. Asilimia 92 yao hawakuwa wamepata mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki.

Naomba ukae kidogo na jambo la breki ya mbele, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Pikipiki ikianza kupunguza mwendo, uzito mwingi hukimbilia mbele. Tairi la nyuma hubaki jepesi, kwa hiyo ukilifunga linateleza. Tairi la mbele hukandamizwa kwenye lami na kushika kuliko wakati mwingine wowote. Mara nyingi theluthi mbili au zaidi ya nguvu ya kusimama iko kwenye vidole vya mkono wa kulia. Lakini waulize vijana mtaani wakwambie walifundishwa nini. Watakwambia: usiiguse breki ya mbele, itakupindua.

Mpwa wangu alikuja kwangu na imani hiyohiyo, leseni ikiwa tayari mfukoni. Nilimpeleka kwenye uwanja mtupu wa lami, nikamwambia aje kwangu kwa mwendo wa wastani na asimame kwenye mstari niliouchora kwa chaki. Mara ya kwanza alikanyaga ya nyuma tu. Tairi likapiga kelele, mkia ukayumba, akanipita. Tukaanza upya kwa kushika breki pikipiki ikitembea polepole. Nikamweleza kwamba mkono wa breki unakamuliwa, haupigwi: vidole viwili vinauvuta mpaka uusikie umeanza kushika, unausubiri uzito ufike mbele, kisha ndipo unakaza, ukiendelea kukaza. Alipoipata, niliziona shoki za mbele zikizama na pikipiki ikatua kabla ya chaki, imenyooka. Alibaki amekaa juu yake, anautazama mkono wake. "Mjomba, kwa nini hawakuniambia?"

Swali hilo nakuletea wewe.

Mtihani aliofaulu ulikuwa wa kuzunguka koni mwendo wa kutembea, kuchora nane, na kusimama bila kutia mguu chini. Hivyo ndivyo mtihani ulivyo katika sehemu nyingi duniani. Koni si mbaya, zinafundisha mizani. Ila hakuna anayekufa akiizunguka koni. Tunampima mwogeleaji kwenye beseni halafu tunamtupa baharini. Uingereza ilishalibadilisha hili: tangu mwaka 2009 mtahiniwa wa pikipiki hufika walau kilomita 50 kwa saa, akasimama kwa dharura mbele ya msimamizi, kisha akarudia mwendo huo akikwepa kizuizi. Asipoweza, harudi nyumbani na leseni.

Mtihani ukibadilika, mafunzo yatabadilika yenyewe. Walimu hufundisha kinachopimwa. Sihitaji kukueleza hilo.

Lingine ambalo liko mikononi mwako ni breki za ABS, zinazozuia tairi lisijifunge hata mkono ukikaza kwa hofu. Umoja wa Ulaya ulizifanya za lazima mwaka 2016 kwa aina mpya za pikipiki zenye injini inayozidi cc 125, na mwaka uliofuata kwa pikipiki zote mpya za saizi hizo. India ilifuata mwaka 2019. Hapa kuna watakaokwambia kwamba zinaongeza bei. Ni kweli zinaongeza. Anza na pikipiki kubwa, kisha shuka.

Sasa wenye magari. "Sikumwona" mara nyingi si uongo, na ndiyo maana inatisha. Jicho la binadamu hukisia kwamba kitu chembamba kiko mbali zaidi na kitachelewa kufika, kwa hiyo dereva aliyesimama kwenye makutano huweza kututazama moja kwa moja na bado akaona ana muda wa kupita. Nguzo ya kioo cha mbele ya gari lake pia inatosha kuificha pikipiki nzima. Anayesomea leseni ya gari afundishwe hivyo, aambiwe atazame mara ya pili na asogeze kichwa chake, na apimwe kwa hilo. Sisi nasi tuwashe taa mchana na usiku, na tusikae pale ambapo kioo cha pembeni hakituoni.

Sitawatetea wenzangu wanaopanda wamelewa, wala wanaoigeuza barabara ya watu kuwa uwanja wa mashindano. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali unaohitajika kushika breki mpaka kusimama unakuwa mara nne, na hakuna mkono wa fundi unaoweza kuibadilisha hesabu hiyo. Hao wakamate. Wapo wanaojiua wenyewe kwenye kona bila gari lolote karibu, na wengi wao ukifuatilia utakuta waliingia kwa kasi, wakaogopa, wakashika breki katikati ya kona pikipiki ikiwa imelala. Tunarudi palepale.

Barabara nitazigusa tu: mchanga kwenye kona, dizeli iliyomwagika, rangi za alama zinazoteleza mvua ikinyesha, na vile vyuma vya pembeni vilivyowekwa kwa ajili ya magari, ambavyo nguzo zake humkata mwendesha pikipiki anayeburuzika. Dereva wa gari havisikii. Sisi tunavisikia vyote. Wahandisi wako wanavifahamu, waulize.

Najua pia wapo washauri watakaokunong'oneza kwamba dawa ni kupiga marufuku. Ukifanya hivyo utakuwa umewaondoa wanaotii na kubaki na wasiotii, wasiokuwa na leseni wala mafunzo, na watapita usiku bila taa.

Ninachoomba ni hiki. Kwenye mtihani wa pikipiki liwekwe zoezi la kusimama kwa dharura kutoka kilomita 50 kwa saa, kwa breki zote mbili, na zoezi la kukwepa. Wasimamizi wafundishwe kwanza wao, kwa sababu baadhi yao nao wanaiogopa breki ya mbele. Na wale ambao tayari tuna leseni tupewe nafasi ya kurudi uwanjani bila kunyang'anywa leseni zetu. Tutakuja wengi kuliko unavyodhani.

Kabla hujaamua, nenda siku moja kwenye uwanja wa mtihani bila msafara. Simama pembeni ya koni. Muombe kijana yeyote aliyetoka kufaulu aje mbio kidogo na asimame mbele yako kwenye mstari wa chaki, halafu utazame anatumia breki gani.

Wako,
Mwendesha pikipiki