Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Iringa: Rangi mbili za mtoto zinaishia kwa simbilisi

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni afisa mifugo mstaafu, mkazi wa Kilolo. Ninalokuletea linahusu wanyama, lakini nimekuandikia wewe kwa sababu dawa yenyewe, amoksilini ya kuua bakteria, ile tunayoiita rangi mbili kwa rangi za kapsuli yake, inanunuliwa kwenye maduka ya dawa muhimu yanayohudumia watu, kisha inaishia bandani.

Katika majiko mengi ya vijijini kwetu utawakuta simbilisi wakikimbizana kando ya mafiga, wakitafuna majani waliyotupiwa. Wengi ni mali ya watoto. Wakiuzwa wawili watatu, madaftari yanapatikana. Mmoja akisinyaa, manyoya yakamsimama na kamasi zikamtoka, mama anazikumbuka rangi mbili zilizobaki mtoto alipokohoa. Anafungua kapsuli, anakoroga unga kwenye kijiko cha maji na kumdondoshea mdomoni. Wenzake nao wanapewa kidogo, eti wasiambukizwe. Baada ya siku chache wanakataa majani, wanaharisha, wanakufa. Watu husema ugonjwa umepita.

Daktari, hapo dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo iliyowaua. Simbilisi na sungura huishi kwa bakteria wa utumboni wanaowasaidia kumeng'enya majani. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwamo, zikipita mdomoni huwaua bakteria hao wema, na nafasi yao huchukuliwa na wabaya, hasa wa jamii ya Clostridium, ambao sumu yao humaliza mnyama upesi. Kwa hiyo simbilisi na sungura wasipewe amoksilini kwa mdomo, hata chembe.

Kwa mbwa mambo ni tofauti. Amoksilini humtibu mbwa aliyeng'atwa hadi kidonda kikaoza, ila dozi yake hupimwa kwa kilo za mwili wake, na anayepaswa kuipanga ni mtaalamu wa mifugo. Hatari nyingine ni dawa ya maji ya mtoto. Baadhi hutiwa utamu wa zilitoli, ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuharibu ini.

Lakini linaloniumiza zaidi ni hili: zile kapsuli zilibakije? Ama mtoto alipata nafuu siku ya pili, dozi ikakatizwa, ama alikuwa na mafua tu, ambayo huletwa na virusi visivyoguswa na amoksilini kabisa. Na hii ndiyo dawa tunayoitegemea mtoto mdogo akishikwa na nimonia. Bakteria wakiizoea kwa vipande vya dozi, nyumbani na bandani, mtoto wa Mufindi atakayeletwa zahanati akihema kwa shida atapewa dawa isiyomsaidia. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Ombi langu la kwanza ni kwa watoa dawa. Wamuulize kila mnunuzi dawa ni ya nani, wasiuze kapsuli nne nne, na kwenye bahasha waandike dozi kwa Kiswahili kinachosomeka. Waulize pia kama mgonjwa amewahi kuvimba midomo, kutoka vipele au kubanwa pumzi baada ya kupewa penisilini. Mama anayepewa dawa ya maji aelezwe siku ya kuimwaga, kwa kuwa ikishachanganywa na maji haikai muda mrefu. Nyingi hudumu siku 7 tu. Na pale kaunta kiwekwe kibao chenye picha ya simbilisi na sungura, hata asiyejua kusoma aelewe.

La pili ni lako na mwenzako wa mifugo. Taifa lina mpango wa kupambana na usugu wa dawa wa 2023 hadi 2028, uliojengwa juu ya Afya Moja, yaani wa afya ya watu, wa mifugo na wa mazingira kufanya kazi pamoja. Katika kata nilizofanyia kazi, mimi na mganga wa zahanati hatukuwahi kuitwa kikao kimoja kuhusu dawa. Tuanzie huko kwenye kata. Mfumo wenyewe wa maduka ya dawa muhimu ulianzia kwa jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003 ndipo ukaenea nchi nzima, kwa hiyo nyanda hizi zinaweza kutangulia tena.

Naomba vikao hivyo vifanyike kabla ya baridi ya Juni, maana vikohozi vikishaanza, rangi mbili hununuliwa kama njugu.

Wako katika kazi,
Afisa mifugo mstaafu, Kilolo