Harambee ya Mei 16: Watoto Wetu Waingie 2027 Wakijua Kura

Ndugu wazazi, walimu, na nyote mliosoma hapa,

Mwaka jana wanafunzi wetu walichagua baraza lao kwa kura ya siri, mara ya kwanza. Zamani ilikuwa kunyoosha mikono mbele ya mwalimu wa zamu, na kila mtoto alijua nani anamtazama. Safari hii tulitoboa boksi la maziwa likawa sanduku. Kura 31 ziliharibika. Tulipozikunjua hatukukuta utundu wowote: mtoto ametia alama yake vizuri, kisha juu ya karatasi akaandika jina, kidato na namba ya usajili, kama afanyavyo kwenye mtihani. Watu walicheka. Lakini nani aliwahi kuwaambia kwamba kuna karatasi isiyotaka jina lako?

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Wengi walio kidato cha tatu na cha nne watakuwa wametimiza miaka 18. Watakabidhiwa karatasi sita kwa mpigo, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), kila moja na rangi yake. Na kabla ya hapo kuna kitambulisho, kisha kujiandikisha. Hapo ndipo wengi hukwama. Kuelekea 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, yenyewe ilisema vijana walioandikishwa walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 kulinganisha na 2017.

Kwa hiyo muhula huu wa pili tunataka mambo mawili. La kwanza ni kurudia uchaguzi wa baraza sawasawa: masanduku yanayoonyesha ndani, vibanda vya kupigia kura, mawakala wa kila mgombea, kuhesabu kwa sauti, na fomu ya matokeo kutiwa saini na kubandikwa mlangoni kama inavyofanyiwa 34A, fomu ya matokeo ya rais katika kila kituo cha kura. Baraza hili si mchezo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wake nafasi kwenye bodi ya shule, pale karo na chakula vinapojadiliwa.

La pili ni safari. Kaunti yetu ni Kilifi lakini bunge lake liko Malindi, na kutoka hapa Mariakani wengi wetu wazazi hatujawahi kukanyaga humo, mimi nikiwa mmoja wao. Bajeti ya kaunti inatakiwa ipitishwe kabla ya Juni 30. Tunataka wanafunzi 90 wakae juu kwenye roshani ya wageni wasikilize wenyewe, wakimtafuta MCA wao aliko na anasema nini. Kabla ya kwenda watasoma makadirio ya bajeti hiyo darasani, kurasa za barabara, maji na basari, yaani msaada wa karo. Basari wanaijua vizuri kuliko sisi.

Gharama ni hii. Mabasi mawili 90,000, chakula cha njiani 18,000, nakala 120 za Katiba kwa Kiswahili 42,000, masanduku na uchapishaji wa kura 12,000. Jumla Sh162,000. Chama cha wazazi kina 40,000 mkononi, tunatafuta 122,000.

Asiye na pesa alete kitu. Kuku, mbuzi, mkungu wa ndizi, nazi, vyote vitapigwa mnada saa sita. Walio mbali watume kwa simu, kwa paybill (namba ya malipo) ileile ya karo, ila kwenye akaunti andikeni BARAZA, la sivyo mchango wako utaishia kwenye deni la mtoto wako. Waheshimiwa na wanaotarajia kuwa waheshimiwa wanakaribishwa kuchanga na kuketi na wazazi wenzao. Kipaza sauti siku hiyo kitashikwa na wanafunzi.

Tunaanza saa nne asubuhi chini ya mwembe. Hesabu itasomwa kwa sauti, na kabla ya jua kuzama karatasi yake itakuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi, na saini ya mweka hazina pamoja na za wanafunzi wawili waliokuwa wakihesabu naye.