Jina la ugonjwa wa mama

Buruburu, Nairobi
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Mama Neema,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Baba Neema na watoto wote. Sisi hapa tu wazima kwa rehema za Mungu, na baba yangu yuko hivyo hivyo unavyomjua. Tangu tulipoachana kwenye matanga ya mwalimu wetu wa Ngara hatujapata kuketi pamoja, na kila tuliposhika simu tuliahidiana kuonana wiki ijayo, wiki ambayo mpaka leo haijafika. Lawama hiyo tuigawane sawasawa. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe ni zito, na kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Mama Kioko alikuja kwangu Jumatano jioni. Alinieleza yaliyotokea katika soko la Kariokor, jinsi mama yako alivyokitwaa kiondo akaondoka nacho taratibu kana kwamba ametoka nacho nyumbani, mwenye kibanda akapiga kelele, na watu wakajaa. Najua anachodaiwa kililipwa palepale, na najua ulimshukuru Mama Kioko kwa kumfikisha mama nyumbani. Ambacho hakukueleza, kwa kuogopa kukuumiza, ni maneno aliyoyasikia. Mtu mmoja alisema, "Si huyu ndiye mamake yule mtangazaji wa redio? Kumbe siku hizi anakunywa." Mwingine akamjibu kwamba si pombe, amerogwa. Maneno hayo yalisemwa juu ya mwanamke ambaye hajawahi kuonja tone la pombe maishani mwake, aliyewaongoza akina mama wa kanisa kwa miaka mingi, na aliyetulisha mimi na wewe ugali na sukuma wiki kila Jumamosi tukiwa shuleni.

Nilikasirika usiku mzima. Asubuhi nilijiuliza wale watu wangejuaje. Sisi tunaomfahamu tumekuwa tukisema ana presha. Wewe ulituambia hivyo wakati wa Krismasi, nami nikaitikia, ilhali alikuwa ameniuliza jina la mwanangu mara nne kabla chai haijapoa. Nilidhani kwamba kunyamaza ni kumheshimu.

Sisi pia tulinyamaza hivyo kwa baba yangu, na ndiyo maana nina ujasiri wa kukuandikia. Unakumbuka alivyojivunia kazi yake ya ukarani wa reli, na tai aliyoifunga hata siku ambazo hakuwa na zamu. Asubuhi moja aliamka alfajiri, akavaa koti na tai, akatoka bila kumwamsha mtu, akatembea barabara ya Jogoo kutoka hapa Buruburu hadi Muthurwa, akitafuta zile nyumba za reli tulimozaliwa. Tulimtafuta hadi saa saba mchana. Nilimkuta kwenye kituo cha matatu, ameketi juu ya kreti ya soda kati ya makanga wawili, akiwaeleza kwamba gari la moshi la Kisumu limechelewa na kwamba abiria wasiwe na wasiwasi. Kijana mmoja alikuwa amemnunulia chai na mandazi, na kila baba aliporudia habari za lile gari, kijana alimjibu kwa adabu, "Litafika tu, mzee." Sijui niseme nini kuhusu kijana yule. Mpaka leo nikimkumbuka machozi hunilengalenga.

Kijana huyo ndiye aliyeniuliza mzee anasumbuliwa na nini, nami nikajibu kwamba ni uzee, kwa kuwa hata daktari wa kwanza aliyemwona alituambia hivyo hivyo na kuturudisha nyumbani na dawa za usingizi. Ilibidi tumpate daktari wa pili, ambaye alimpima damu kuona kama tezi la shingoni lina hitilafu au kama amepungukiwa na vitamini B12, kwa maana hayo mawili huweza kumchanganya mtu na yakatibika, kisha akaagiza apigwe picha ya ubongo, akakaa naye kwa muda mrefu akimwuliza maswali. Mwisho alituambia kwamba ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na fahamu polepole, ya aina ya Alzaima. Nililia ndani ya gari. Hata hivyo, jioni ileile, nilikuwa na neno la kuwaambia majirani, na tangu siku ile makanga wa Muthurwa wana nambari yangu ya simu, mwenye duka la pembeni anayo, askari wa lango anayo. Baba ameondoka nyumbani mara tatu tangu hapo, na mara zote tatu amerudishwa kabla sijamaliza kuvaa viatu.

Sasa nikurudishe Kariokor, kwa kuwa kisa cha mama kimewapata wengine wenye majina makubwa kuliko sisi. Rita Hayworth, mwigizaji wa Marekani aliyevuma sana katika miaka ya 1940, alishuka kwenye ndege mjini London mwaka 1976 akiwa amechanganyikiwa, wapiga picha wakamzingira, na dunia ikaambiwa kwamba ni ulevi. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya kufahamika kwamba alikuwa na Alzaima. Aliyemtunza hadi alipofariki mwaka 1987 ni binti yake, Yasmin Aga Khan, ambaye kwa baba ni dada wa yule Aga Khan aliyefariki Februari mwaka huu, ambaye jina lake sisi watu wa Nairobi tunalifahamu kwa hospitali ya Parklands. Binti huyu hakukaa na uchungu wake chumbani. Mwaka 1984, mama yake akiwa bado hai, alianza kuandaa karamu za kuchangisha fedha kwa jina la mama yake, na karamu hizo zimeleta mamilioni mengi ya dola kwa ajili ya utafiti na huduma za wagonjwa. Nikifikiria kwamba mtu aliyepigwa picha kama mlevi ndiye jina lake limekuja kuwalipia wagonjwa wengine, naona binti yake alimrudishia mama heshima kwa njia ambayo hakuna gazeti lingeweza.

Na Glen Campbell je? Wazee wetu waliokuwa wakikesha na muziki wa kantri kwenye redio wanamfahamu vizuri. Mwaka 2011 yeye na mkewe walitangaza wenyewe kwamba ana Alzaima, na mkewe alieleza kwamba hakutaka mashabiki wadhani amelewa endapo angesahau maneno jukwaani. Umeona? Ni pombe ileile ya Kariokor. Baada ya kutangaza, alizunguka kuimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, watoto wake watatu wakipiga ala nyuma yake, maneno ya nyimbo yakiandikwa kwenye skrini mbele yake, na watu walikuja wakijua wanachokuja kukiona. Alipokosea walimpigia makofi. Vidole vyake viliendelea kulikumbuka gitaa muda mrefu baada ya ulimi kuanza kupotea, na hilo naliona kwa baba pia: hawezi kuniambia leo ni siku gani, lakini ukimtajia stesheni moja ya njia ya Kisumu atakutajia zote zilizobaki kwa mpangilio wake.

Najua utaniambia kwamba hao ni watu wa mbali wenye pesa. Basi nikupeleke karibu. Shirika la hapa kwetu linaloitwa Alzheimer's and Dementia Organization Kenya lilianzishwa na Elizabeth Mutunga, mwanamke aliyeuguliwa na baba yake na ugonjwa huuhuu, akaona familia nyingine zinahangaika kama yake ilivyohangaika. Sijui ingekuwaje kwangu kama yeye naye angesema ni presha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Shirika hilohilo linasema walezi wa nyumbani hutumia kwa wastani saa 5 kwa siku kumhudumia mgonjwa, na wengi wa walezi hao ni wanawake. Mimi na dada zangu tulihesabu zetu tukazipata nyingi zaidi, lakini hilo tuliache.

Narudi kwa mama. Hofu yako naielewa kabla hujaitamka. Unaogopa kwamba ukizungumza studioni watasema unamuuza mama yako ili usikilizwe zaidi. Unaogopa pia, na hili ndilo kubwa, kwamba mama mwenyewe hajakupa ruhusa. Hofu hiyo ya pili naiheshimu kabisa. Barbara Windsor, mwigizaji aliyependwa sana Uingereza, aligunduliwa kuwa na Alzaima mwaka 2014, na mumewe, Scott Mitchell, alikaa miaka minne kabla ya kuueleza umma mwezi Mei 2018, wakati ambapo isingewezekana tena kuficha. Mwaka uliofuata wote wawili wakawa mabalozi wa shirika la wagonjwa wa huko, wakapeleka barua kwa waziri mkuu wakidai huduma bora. Alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 serikali yao ilitenga pauni milioni 95 kwa utafiti wa dimenshia katika mpango uliopewa jina lake. Sikuambii hivyo ili nikupimie kwa miaka ya watu wengine. Ninachosema ni kwamba mama bado ana asubuhi nzuri, Mama Kioko ameniambia, na katika mojawapo ya asubuhi hizo unaweza kuketi naye kitandani, umshike mkono, umweleze ugonjwa wake kwa jina, kisha umwulize. Akikataa, choma barua hii nami sitairudia habari hii tena. Akikubali, utazungumza kama binti, bila picha zake, bila kisa cha kiondo, bila lolote ambalo hangependa lisikike kanisani.

Unakumbuka ulipoficha malaria ili usikose mtihani wa kidato cha nne, mama akaja shuleni akatukemea sote wawili mbele ya matroni? "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, akakubeba mgongoni mpaka barabarani. Maneno hayo ni yake, na nakuomba umkumbushe.

Ombi langu basi ndilo hili. Kikundi chetu cha walezi, ambacho hukutana katika ukumbi wa kanisa hapa Buruburu, kitafanya matembezi Jumamosi tarehe 20 Septemba, siku moja kabla ya Siku ya Alzaima Duniani. Tunataka kuchangisha fedha za kutengeneza bangili zenye nambari za simu kwa wazee wanaopotea, na za kumlipa mhudumu mmoja aliyefunzwa akae nao siku moja kwa wiki, ili walezi wapate kulala, kufua, au kwenda hospitali kwa ajili yao wenyewe. Kuna mwenzetu ambaye hajaenda kupimwa uvimbe wa titi kwa miezi saba kwa sababu hana wa kumwachia mumewe. Tumezungumza na watu wengi, nao husikiliza kwa huruma, kisha husahau. Wewe ukisema dakika tano kwenye kipindi chako cha jioni, nusu ya mabasi ya Nairobi itakuwa imesikia kabla hayajafika Githurai.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia. Baba humsikiliza kila mtu redioni kama mgeni, mimi mwenyewe siku nyingine huniita "mama" na kuniuliza nimetoka wapi. Lakini wewe ukianza kipindi yeye hunyoosha kidole kwenye redio na kusema, "Yule msichana wa mama wa Ngara, aliyekuwa anakula sana hapa." Sauti yako bado ina mahali pake kichwani mwake. Nilidhani ulistahili kulijua hilo, hata kama utaniambia hapana kwa mengine yote.

Sasa nijibu. Je, mama amepimwa ipasavyo, au bado mnaenda kwa yule daktari wa presha? Masikio yake yamechunguzwa? Maana kutosikia vizuri nako huzidisha mambo. Usiku analala, au anatembeatembea? Nani anabaki naye ukiwa studioni, na je, huyo binti anajua ni ugonjwa gani anaouhudumia? Ndugu yako wa Eldoret amekubali, au bado anasema mama anajifanya? Na wewe mwenyewe, Mama Neema, unakula? Unalia na nani?

Jumanne na Alhamisi niko nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni. Njoo na mama ukiweza. Baba atamweleza habari za gari la Kisumu, naye mama, kama ninavyomjua, atamwuliza nauli ni kiasi gani.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Imani