Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Sheria ya Wakimbizi na Usimamizi wa Uhamiaji

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliiagiza kamati ya mafunzo kwamba kozi ya siku tano ipunguze usomaji wa ibara na iongeze mazoezi. Agizo limetekelezwa. Mihadhara ya sheria sasa inachukua siku ya kwanza na asubuhi ya siku ya pili tu. Muda uliobaki umekwenda kwenye mahojiano, ukalimani na uandishi wa uamuzi. Baadhi yenu mlihofia kwamba kozi itakuwa nyepesi. Imekuwa ngumu zaidi, na washiriki ndio wa kwanza kulalamika. Mtu anaweza kuutaja Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ibara kwa ibara, kisha akaharibu shauri kwa swali moja lililoulizwa vibaya. Kosa hilo halitibiki kirahisi kwenye rufaa, kwa kuwa rufaa husoma kilichoandikwa, si kilichosemwa.

Sheria yenyewe

Ibara ya 1A(2) ya Mkataba wa 1951, inayoeleza mkimbizi ni nani, tunaifundisha kama maswali yenye mpangilio. Mwombaji yuko nje ya nchi ya uraia wake? Ana hofu, na hofu hiyo ina msingi? Anachokihofia kinafikia kiwango cha kuandamwa? Ni kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au maoni ya kisiasa? Je, hawezi kupata ulinzi wa nchi yake, au kwa hofu hiyo hataki kuutegemea? Baada ya hapo ndipo tunagusa ibara ya 1F, inayowaondoa watuhumiwa wa makosa mazito.

Mpangilio huu huvunjwa mara nyingi mahali pamoja. Mshiriki akisoma kwamba mwombaji aliwahi kuwa askari, anarukia 1F na kufunga jalada. Uaskari si kosa. Ibara inataka sababu nzito za kuamini kwamba mtu huyu alitenda uhalifu uliotajwa humo, na jukumu la kuzionesha sababu hizo ni la anayetaka kumwondoa.

Waliozoea mashauri ya jinai huja na tatizo jingine: wanataka uthibitisho usioacha shaka. Hapa kipimo si hicho. Mwaka 1987, katika shauri la Cardoza-Fonseca, Mahakama Kuu ya Marekani ilieleza kwamba hata uwezekano wa moja kwa kumi unaweza kutosha kuifanya hofu iwe na msingi. Mwongozo wa UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) wa 1979, aya ya 196, unaongeza kwamba kazi ya kutafuta ukweli ni ya pande mbili, mwombaji na mchunguzi. Mchunguzi anayekunja mikono akisema "lete ushahidi" hajafanya kazi yake.

Kuhusu Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, udhaifu uliojirudia ni huu: mshiriki anakubali kwamba nchi ina vita, halafu anaandika kwamba mwombaji angeweza kuhamia mkoa mwingine wenye amani. Ibara ya I(2) inazungumzia matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma katika sehemu ya nchi au nchi nzima. Maneno "sehemu ya nchi" yamewekwa kwa makusudi. Hoja ya kuhamia mkoa mwingine ina nafasi yake chini ya 1951, lakini haiwezi kubebwa hivihivi na kupachikwa kwenye 1969.

Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951 inakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, na kifungu chake cha pili kinamwondoa kwenye ulinzi huo aliye tishio kwa usalama wa nchi. Wengi huishia hapo na kuandika "arudishwe". Shauri halijaisha. Ibara ya 3 ya Mkataba wa 1984 Dhidi ya Utesaji inakataza kumrudisha mtu kwenye utesaji, na haimwachi nje mtu yeyote. Sasa fomu ya uamuzi tunayotumia darasani ina kisanduku cha lazima kwa swali hilo, na anayekiacha wazi anarudishiwa karatasi.

Chumba cha mahojiano

Hapa ndipo kamati imetumia nguvu nyingi. Kila zoezi ni la dakika 90 na watu wanne: mhojaji, mkalimani, anayeigiza mwombaji, na mtazamaji anayeandika bila kusema. Mhojaji anajitambulisha na kumtambulisha mkalimani, anaeleza usiri, kisha anauliza kama wawili hao wanaelewana. Baada ya dakika 15 anauliza tena, kwa sababu mara ya kwanza watu hujibu "ndiyo" kwa adabu. Halafu simulizi huru, bila kukatizwa. Maswali ya wazi yanafuata, na maswali ya tarehe na majina yanakuja mwishoni. Washiriki wengi hugeuza mpangilio huo na kuanza na tarehe. Matokeo yake mwombaji anajifunza kujibu kwa neno moja, na kutwa nzima hatasema zaidi ya hapo.

Nawaomba wanachama wanaofundisha kwa Kiswahili wazingatie mifano ifuatayo, kwani ndiyo inayozalisha "migongano" isiyokuwepo.

Mwombaji anasema: "Walikuja saa nane usiku." Mkalimani mmoja anaandika saa mbili baada ya usiku wa manane, ambayo ni sahihi. Mwingine, siku nyingine, anaibeba nane kama ilivyo. Jalada linakuwa na tofauti ya saa sita, na uamuzi unasema mwombaji si mkweli. Dawa ni kufunga saa kwenye tukio: ilikuwa kabla au baada ya kulala? Alfajiri ilikuwa mbali?

Anasema: "Alinipigia simu akaniambia nisirudi nyumbani." Kiswahili hakisemi kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke. Lugha ya kumbukumbu huenda inalazimisha kuchagua, na mkalimani akichagua mwanamume bila kuuliza, mahojiano ya pili yatakapomtaja dada, mwombaji ataonekana amebadilisha habari. Mkalimani asikisie. Asimamishe, amwambie mhojaji kwamba lugha haijaonesha jinsia, na mhojaji aulize.

Halafu kuna "baba". Baba mdogo aliyeuawa na baba mzazi aliye hai wote wanaweza kuingia kwenye karatasi kama "baba". Tunachora ukoo kwenye karatasi tupu mwanzoni, kila mtu na namba yake, na mahojiano yote hutumia namba hizo. Inachukua dakika kumi hivi, na hakuna zoezi lingine kwenye kozi lenye faida kubwa kwa muda mdogo namna hiyo.

Tofauti ikibaki baada ya tahadhari zote, mwombaji aelezwe tofauti yenyewe na apewe nafasi ya kujibu kabla ya uamuzi, na jibu lake liandikwe. Uamuzi unaotegemea mgongano ambao mwombaji hakuwahi kuulizwa tunaupa sifuri, hata kama hitimisho ni sahihi.

Faharasa

Kamati ya istilahi imefikia uamuzi ambao utabishaniwa, na ni haki yenu kubisha. Kwa muda mrefu neno "mateso" limebeba dhana mbili: anachofanyiwa mkimbizi kwa sababu ya dini au siasa, na kosa la kumtesa mtu lenye mkataba wake wa 1984. Darasani hili limeleta mkanganyiko, hadi washiriki wakadai makovu kwa mwombaji aliyefukuzwa kazi, kunyang'anywa shamba na kunyimwa shule ya watoto, mambo ambayo yakijumlishwa yanaweza kufikia kiwango kinachotakiwa. "Dhuluma" tuliijadili tukaona ni pana mno. Hata asiyelipwa ujira amedhulumiwa. Tumechukua "kuandamwa" kwa dhana ya kwanza na "utesaji" kwa ya pili.

Usimamizi wa uhamiaji

Sehemu hii haikubadilika sana, nami sitaichosha. Makubaliano mawili ya kimataifa ya Desemba 2018, moja la wakimbizi na jingine la uhamiaji salama, wa mpangilio na wa kawaida, bado yanachanganywa. La uhamiaji lilipitishwa Marrakech likiwa na malengo 23, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliidhinisha kwa kura 152 dhidi ya 5, nchi 12 zikijizuia. Yote mawili hayafungi kisheria. Mshiriki asiyalete kwenye hoja kana kwamba yana nguvu ya mkataba. Ayatumie kuonesha mwelekeo ambao serikali zenyewe zimeukubali.

Itifaki mbili za Palermo za mwaka 2000, moja ya kuvusha wahamiaji kimagendo na nyingine ya usafirishaji haramu wa binadamu, zinahitaji saa nzima. Anayevushwa mpaka kimagendo hununua huduma, na kosa kimsingi ni dhidi ya dola. Katika usafirishaji haramu wa binadamu, lengo ni unyonyaji, aliyesafirishwa ni mhanga, na mpaka si lazima uvukwe. Ridhaa yake haina uzito pale vitisho au ulaghai vilipotumika, na kwa mtoto haina uzito kabisa. Safari moja inaweza kuanza kama magendo ikaishia kwenye unyonyaji, kwa hiyo mhojaji asiishie kuuliza alivyovuka. Aulize pia kilichotokea alipofika.

Kuhusu bahari, tumeongeza shauri la Hirsi Jamaa la 2012, ambalo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Italia kwa kuwarudisha watu Libya baada ya kuwakamata katika maji ya kimataifa. Linaondoa dhana kwamba wajibu unaanza mguu unapokanyaga ardhi. Shauri la Teitiota dhidi ya New Zealand nalo limebaki, kwa onyo: mlalamikaji kutoka Kiribati alishindwa. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikubali kwamba athari za tabianchi zinaweza kuzuia mtu kurudishwa. Haikuunda aina mpya ya mkimbizi.

Mtihani na majalada

Tumeacha kutumia majalada halisi yaliyofutwa majina. Jina la kijiji, tarehe ya shambulio na idadi ya watoto vinatosha kumtambulisha mtu kwa anayetoka huko. Majalada yote sasa yanatungwa, na kila moja lina tofauti moja ya kweli na mbili za ukalimani, ili mshiriki azitenganishe.

Tatizo ambalo hatujalitatua ni wakalimani. Washiriki wanaigiza ukalimani vibaya kuliko wakalimani wa kazi, na mhojaji hujifunza kukabiliana na makosa yasiyo ya kawaida.

Yanayohitaji kura

La kwanza, cheti kigawanywe: cha kuhudhuria kwa wote, na cha umahiri kwa aliyefaulu mahojiano na uamuzi wa maandishi, vyote viwili. La pili, angalau wakalimani wawili wa kazi walipwe kuwemo katika kila kozi, jambo litakalopandisha ada. Wanaopinga la pili waje na njia mbadala iliyoandikwa, na hesabu yake.

Mwenyekiti