Pima Maji Kabla Hujawasha Mashine

Bamburi, Mombasa

Mwanaisha mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima. Mama anakusalimia na anauliza embe za Kilifi zitakuja lini.

Nimefurahi mno kusikia mashine yako ya kahawa ya espreso imefika. Lakini nakuomba, shoga yangu, kama bado hujaitia maji, usiitie. Uliposema mnatumia kisima, moyo ulinishtuka. Yangu ilikufa ndani ya miezi mitano. Fundi alipoifungua alitoa kijibomba cha shaba, akakigonga mezani, yakamwagika magamba meupe kama maganda ya yai. Tundu lililobaki lilikuwa la kupitisha uzi. Aliyeniuzia hakunitajia habari ya maji hata neno moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ni hii ardhi yetu. Tumekaa juu ya matumbawe, mawe yaleyale yanayosagwa kuwa saruji hapa Bamburi. Maji ya kisima yanapita humo na kubeba chokaa. Dalili zake unazijua tangu utotoni: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko. Yakipata moto, ile chokaa iliyoyeyuka inajitenga na kuganda. Boila ya mvuke ndiyo inayoumia zaidi, kwani mvuke unatoka peke yake, chokaa inabaki, na kila ukijaza unaongezea juu ya ile ya jana.

Kile kipimo cha mfano wa kalamu kisikudanganye. Kinapima jinsi umeme unavyopita majini, kwa hiyo hata chumvi ya mezani kinaihesabu. Visima vya pwani vina vyote viwili, nawe hutajua namba ile ni ya nini. Tafuta kipimo cha matone kwenye duka la samaki wa mapambo. Utapata chupa mbili: GH, ya kupima ugumu wa maji, yaani chokaa, na KH, ambayo nitakueleza hapo chini. Tia mililita 5 za maji kwenye kichupa, dondosha tone la GH, funika, tikisa, hesabu moja. Maji yatakuwa rangi ya chungwa. Endelea tone kwa tone mpaka yageuke kijani. Shika karatasi nyeupe nyuma yake, la sivyo utapitiliza. Kila tone ni kama miligramu 17.8 za chokaa kwa lita.

Yangu yaligeuka tone la 19. Yaani karibu 338! Specialty Coffee Association, chama cha wataalamu wa kahawa, wanapendekeza kati ya 50 na 175. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea.

KH usiiruke. Hiyo inageuka kutoka buluu kwenda manjano, nayo inakuonyesha nguvu ya maji kuua uchachu. Yangu ilikuwa 14, na ndipo nilipoelewa kwa nini kahawa ya Nyeri, yenye uchachu mtamu kama wa zambarau, kwangu ilikuwa imepooza kabisa. Nilikuwa nimeilaumu kahawa ya watu bure.

Sasa nachanganya kikombe kimoja cha kisima na vitatu vya maji ya mvua niliyoyachuja. Mvua ya kwanza naiacha ioshe bati, ndipo nakinga. Mchanganyiko unageuka tone la tano, na KH ni kama tatu na nusu. Mvua tupu usitie: mashine nyingine haziyaoni maji yasiyo na madini, zitaendelea kujaza boila bila kusimama. Na kama kisima chako kina chumvi ya kusikika ulimini, kiache kabisa, pima ya bomba, kwa sababu chumvi inakula chuma.

Ukishapima niandikie matone ni mangapi, GH na KH, nikukokotolee vipimo vya kuchanganya. Kipimo kikikosekana huko, nitakupa changu Jumamosi nikija. Nina mwaka nacho na bado kimejaa nusu.

Wasalaam,
Shoga yako, Rukia