Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo: Msimpange Tena Mwanangu Kushoto

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu. Najua una shughuli nyingi, hasa baada ya Jumamosi, kwa hiyo sitazunguka.

Mwanangu ana miaka 18, na anachezea timu ya chuo chenu ya futiboli ya Kimarekani. Mwezi Machi 2025 ulituambia wazazi kwamba ukuta wa mashambulizi, wale watano wanaomlinda mrushaji mpira, una wazoefu wa kutosha, na kwamba chipukizi watakaa mwaka mzima wakijenga mwili na kujifunza. Tulikupigia makofi. Aprili dirisha la uhamisho likafunguliwa, wazoefu watatu wakafungasha. Hilo si kosa lako, tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu. Lakini nafasi zao mlizijaza na nani? Na mwanangu.

Kule sekondari alicheza senta, yule wa katikati ya ukuta anayeanzisha mpira. Wiki iliyopita wawili waliumia, akaambiwa atalinda kushoto kabisa, mgongoni kwa mrushaji mpira. Siku chache za mazoezi, basi, mtu tayari!

Tulikuwa ugenini, kelele tupu. Mrushaji hasikiki, hivyo gadi, anayesimama kando ya senta, humgusa senta, naye huinua kichwa kisha huanzisha mpira. Wa pembeni inabidi auchungulie mpira kwa jicho moja, na jingine limchunge jitu lililo mbele yake. Mwanangu alitangulia kabla ya mpira mara mbili, ni kosa hilo, tukarudishwa yadi 5, tena 5. Baada ya hapo akawa anachelewa. Ndipo wapinzani wakabadilishana njia: wa nje akakata ndani, wa ndani akazunguka nje. Ukuta uliozoeana hupokezana watu bila hata kutazamana. Mwanangu alimfuata wake hadi ndani, gadi naye akamng'ang'ania huyohuyo, na yule mwingine akapita kama mwenye nyumba. Kwenye rundo lile mtu alimwangukia mwanangu gotini. Usiku alinipigia simu akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi, Mheshimiwa.

Msiniambie majeruhi ni bahati mbaya. Chuo cha Ohio State mwaka 2024 walimpoteza Josh Simmons wa kushoto mwezi Oktoba, na Novemba senta wao Seth McLaughlin. Wakamhamisha Donovan Jackson, gadi mzoefu, kwenda kushoto; Carson Hinzman, aliyekuwa senta wao 2023, akairudia namba yake. Januari wakabeba ubingwa kwa kuifunga Notre Dame 34-23. Huo ndio upana wa kikosi: anayeingia amewahi kuingia.

Mtasema hamna fedha za Ohio State. Sawa. Army, timu ya chuo cha jeshi, nao wanazo? Ukuta wao ndio uliotwaa tuzo ya Joe Moore, ya ukuta bora wa vyuo, msimu huohuo wa 2024, kwa vijana waliokaa pamoja wakaiva.

Nahisi, na unisahihishe nikikosea, kwamba tangu vyuo viruhusiwe Julai 2025 kuwalipa wachezaji moja kwa moja, fungu lenu limeishia kwa mrushaji na wadakaji, wanaopendeza kwenye mabango. Hongereni, mabango ni mazuri. Mrushaji mwenyewe Jumamosi alimaliza mechi akichechemea.

Sidai fidia, wala sidai kocha afukuzwe. Tafuteni wazoefu dirisha lijalo, ndiyo, lakini hilo ni lenu. Langu ni hili: goti likipona, mrudisheni senta, nyuma ya mkubwa wake, ajifunze kama mlivyoahidi. Jumamosi ijayo msimpange kushoto. Hata mkibaki na wanne, msimpange kushoto.

Wako,
Mzazi wa mchezaji wako