Kibao cha duka Mji wa Kale

Mhariri,

Wenye maduka Lamu huchonga kibao kwanza, kibali baadaye. Matangazo ya nje yako chini ya kaunti, lakini Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, kwa hivyo wahifadhi nao waulizwe. Peleka mchoro wenye vipimo, picha ya ukuta na leseni ya biashara kabla fundi hajashika msumeno.

Kinachoharibu zaidi ni msumari wa chuma. Hewa ya chumvi huutia kutu, msumari hufura, chokaa ikapasuka na jiwe la matumbawe likamegeka. Skrubu za shaba ni ghali, naam, ila ukuta ni ghali zaidi. Na kibao kilale ukutani. Kikichomoza kichochoroni, shehena ya punda itakikumba.

Msomaji,
Langoni, Lamu